Oksaidi zinazopitisha umeme: kioo kilivyogeuka kuwa transista

Kutu ni oksaidi. Mchanga ni oksaidi, kioo cha dirisha nacho oksaidi, vigae vya bafuni hivohivo. Yaani elementi ikishashikana na oksijeni mara nyingi unapata kitu kigumu, kimetulia, hakiwezi kuungua tena manake kilishaungua, na umeme hakipitishi. Vile vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za umeme viko pale kwa sababu hiyohiyo, kazi yao ni kuuzuia umeme usishuke kwenye nguzo. Sasa mtu akikwambia kwamba nyuma ya skrini ya tivii au simu unayoangalia kuna mamilioni ya transista (swichi ndogo sana za umeme) zilizotengenezwa kwa oksaidi, na kwamba oksaidi zingine zinaandaliwa kwa ajili ya memori za kompyuta na chaja za magari ya umeme, una haki ya kuuliza imekuwaje.

Maelezo mengi ya hii mada yanakuja kama mvua ya vifupisho, IGZO, ITO, LTPO, TFT, unamaliza kusoma umechoka na hujaelewa kitu. Mi naona kuna njia fupi zaidi. Kuna picha moja tu ya elektroni inakaa kwa nani, ukiishika hiyo basi mazuri yote ya hizi oksaidi na mabaya yake karibu yote yanajieleza yenyewe. Twende nayo polepole.

Chukulia semikondakta, yaani kitu unachoweza kukifanya kipitishe umeme au kiuzuie, kama nyumba ya ghorofa mbili. Chini elektroni zimejaa pomoni, hakuna hata moja inayoweza kusogea kwa sababu hakuna nafasi. Juu kuko wazi, elektroni ikifika huko inatembea inavyotaka na huo ndo umeme wenyewe. Katikati hakuna ngazi, kuna pengo, na ukubwa wa pengo unapimwa kwa elektronivolti. Silikoni, ile ya chipu za kompyuta, pengo lake ni 1.1 hivi. Mwanga tunaouona kwa macho unabeba nishati kati ya 1.6 na 3.1, kwahiyo ukimulika silikoni mwanga unatosha kabisa kurusha elektroni juu, mwanga unamezwa, na ndo maana silikoni ni nyeusi-nyeusi ya kung'aa na haionyeshi upande wa pili. Oksaidi nyingi za hii habari yetu pengo lake linazidi 3. Mwanga unapita tu hauna cha kushika. Kwahiyo zinaonyesha, kama kioo.

Sasa sehemu ya maana. Kwenye silikoni ghorofa zote mbili ni za silikoni, mwenye nyumba mmoja. Kwenye oksaidi kuna wenye nyumba wawili: ghorofa ya chini ni ya oksijeni, ya juu ni ya metali. Na oksijeni ni mchoyo hatari, elektroni zikiwa kwake anazikumbatia hazichomoki. Metali kama indiamu au bati au zinki ni kinyume, obiti yake ya nje ni duara kubwa la wingu, halina upande, limetanuka mpaka linagusa la jirani. Elektroni ikipanda ghorofa ya juu inateleza kutoka wingu hadi wingu bila shida, ila ile nafasi tupu ambayo elektroni imeiacha chini, wanafizikia wanaiita tundu na nalo kwa kawaida linaweza kutembea na kubeba umeme, kwenye oksaidi linakwama kwa mchoyo. Juu uhuru, chini jela. Kumbuka hii sentensi, tutairudia mpaka mwisho.

Kabla hatujafika kwenye transista, kuna ndugu mkubwa wa hii familia ambaye unamgusa kila siku bila kujua. Mwaka 1907 Mjerumani Karl Bädeker aliunguza tabaka jembamba la kadimiamu likageuka oksaidi, akakuta linaonyesha na bado linapitisha umeme, kitu ambacho kwa akili ya kawaida hakitakiwi kutokea (vitu vinavyopitisha umeme tunavyovijua ni metali, na metali haionyeshi). Mjukuu wa ugunduzi huo ni ITO, oksaidi ya indiamu iliyochanganywa na bati kidogo, kawaida asilimia 10 hivi kwa uzito ni oksaidi ya bati. Ipo kwenye skrini za kugusa, kwenye paneli nyingi za LCD na kwenye aina kadhaa za sola. Lakini ITO inatumika kama waya tu, waya usioonekana. Imejaa elektroni kiasi kwamba huwezi kuizima. Transista inataka kitu unachoweza kukiwasha na kukizima, na hapo ndo kazi ilipokuwa.

Watu walijaribu mapema, mwaka 1964 kuna transista ilitengenezwa kwa oksaidi ya bati na wawili wanaoitwa Klasens na Koelmans, lakini silikoni ilikuwa inapaa na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuhangaika na kioo. Aliyeirudisha mezani kwa nguvu ni Hideo Hosono wa Tokyo, huyuhuyu ambaye baadaye alishtua dunia ya fizikia kwa superkondakta za chuma (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote), jamaa ana mikono miwili ya kulia. Mwaka 1996 alitoa hoja yake kwa maandishi: tafuta oksaidi za metali nzito zenye yale mawingu makubwa ya duara, halafu usihangaike kuzipanga kama fuwele, ziache shaghalabaghala, bado zitapitisha elektroni vizuri.

Kwa nini hilo lilikuwa jambo? Kwa sababu silikoni haivumilii fujo. Kila atomu ya silikoni ina mikono minne inayonyooka kwenye pande maalum, na elektroni inapita kwenye hiyo mikono. Atomu zikiwa kwenye mstari safi kama fuwele, elektroni zinakimbia, kipimo cha wepesi wake kinafika 1,400 hivi (ni sentimita za mraba kwa volti-sekunde ila we angalia namba tu). Vuruga mpangilio, mikono inapishana, mingine inabaki inaning'inia hewani, na wepesi unaporomoka mpaka chini ya 1 au hapohapo kwenye 1. Kutoka elfu na mia nne mpaka moja! Sasa mawingu ya indiamu hayana mikono. Ni kama maputo makubwa yaliyojazwa kwenye chumba kidogo, utikise chumba, ugeuze juu chini, maputo bado yanagusana. Elektroni haijui kama kuna fujo.

Nadharia ikawa kitu cha kushika mkononi mwaka 2003, Hosono na Kenji Nomura na wenzao walipotoa transista ya oksaidi ya indiamu, galiamu na zinki ikiwa fuwele, wepesi kama 80, na mwaka uliofuata 2004 wakaja na ile iliyobadilisha mchezo: mchanganyiko uleule lakini bila fuwele kabisa, umepakwa juu ya plastiki kwenye joto la kawaida la chumba, unakunjika, na wepesi wake ukawa kati ya 6 na 9. Linganisha na silikoni ya fujo ambayo ilikuwa inaendesha skrini zote za LCD za wakati huo kwa wepesi usiozidi 1. Hiyo ndo IGZO, herufi za indiamu, galiamu, zinki na oksijeni zimepangwa.

Nataka nikae kidogo kwenye hizo metali tatu kwa sababu hapa ndo pana upishi. Elektroni za bure kwenye hizi oksaidi zinatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye kasoro. Oksijeni ikikosekana mahali ilipotakiwa kuwepo, zile elektroni mbili ambazo angezikumbatia zinabaki hazina mwenyewe, na mara nyingi zinaishia kupanda juu. Kwahiyo oksaidi ya indiamu peke yake, ambayo inapoteza oksijeni kirahisi, ina elektroni nyingi mno mpaka haizimiki. Galiamu inashika oksijeni kwa nguvu sana. Ukiitia kwenye mchanganyiko mapengo yanapungua, elektroni za ziada zinapungua, transista inazimika vizuri, ila ukizidisha na wepesi nao unashuka manake galiamu haina wingu kubwa kama la indiamu. Zinki inasaidia mchanganyiko usijigeuze fuwele. Kwahiyo maabara zinazocheza na hizi vitu kimsingi zinazunguka ndani ya pembetatu ya hizo metali tatu, sogea kwa indiamu upate kasi, sogea kwa galiamu upate utulivu, na huwezi kupata vyote bure. Afu kuna hewa ya oksijeni unayoingiza wakati wa kupaka, nayo ni kitasa kingine cha kuzungusha, na baada ya hapo unaoka kwenye nyuzi 300 au 400 hivi kwa viwanda vingi ili kasoro zitulie.

Skrini ndo zilizoipa IGZO ajira. Kila pikseli ya skrini ina transista yake ya kufungua na kufunga, TV ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8 na kila pikseli ina rangi zake, piga hesabu. Kulikuwa na chaguo mbili za zamani. Silikoni ya fujo, rahisi, unaipaka kwenye vioo vikubwa sana, ila ni mzito na ukiipitisha mkondo muda mrefu tabia yake inasogea, na OLED, skrini ambayo kila pikseli inatoa mwanga wake yenyewe, inaendeshwa kwa mkondo sio volti tu kwahiyo silikoni ya fujo haifai pale. Ya pili ni silikoni iliyoyeyushwa kwa leza ikageuka vipande vya fuwele, inaitwa LTPS, wepesi wake unafika 100 bila shida, lakini leza inatakiwa ipite kioo chote kwa usawa na kwenye vioo vikubwa inakuwa kazi ngumu na ya gharama. Oksaidi ikakaa katikati, wepesi kama 10, inapakwa sawasawa hata kwenye kioo cha karibu mita 3 kwa 3. Sharp wa Japani walianza kuzalisha paneli za IGZO kiwandani Kameyama mwaka 2012, na OLED kubwa za TV za LG nazo zinaendeshwa na transista za oksaidi. Miaka 8 kutoka maabara mpaka kiwandani, kwa dunia ya metiriali hiyo ni mbio za sungura.

Lakini kasi sio sifa kubwa ya oksaidi, hapa ndo wengi wanapitwa. Sifa kubwa ni kuzima. Transista ya silikoni ukiizima haizimiki kabisa, kuna mkondo mdogo unavuja, sehemu kwa sababu pengo ni dogo na joto la kawaida tu linarusha elektroni kadhaa juu, sehemu kwa sababu ukisukuma volti upande wa pili matundu yanajikusanya na yenyewe yanapitisha umeme. Rudi kwenye picha yetu. Oksaidi pengo ni kubwa mara tatu, joto halina nguvu ya kurusha kitu. Na matundu yako jela. Milango yote miwili imefungwa! Watafiti wa Semiconductor Energy Laboratory huko Japani walihangaika kuupima huo uvujaji kwenye IGZO yenye fuwele za kupangika kidogo, wakakuta ni yoktoampea mia na kitu kwa kila maikromita ya upana, tena kwenye joto la nyuzi 85. Yoktoampea ni ampea moja uigawanye kwa 1 yenye sifuri 24. Ukipiga hesabu inakuja kama elektroni moja kila dakika 20 hivi. Sio mkondo huo, ni elektroni zinazoaga moja moja.

Faida yake ya kwanza uliishaiona hata kama hukuitambua. Skrini ya kawaida inajichora upya mara 60 kwa sekunde hata kama picha haijabadilika, kwa sababu chaji kwenye pikseli inavuja na lazima irudishwe. Kama haivuji, acha tu. Apple waliingiza kwenye saa zao za mwaka 2018 mchanganyiko unaoitwa LTPO, transista za kusukuma mkondo ni za silikoni ya leza kwa sababu zina nguvu na baadhi ya swichi ni za oksaidi kwa sababu hazivuji, na mwaka uliofuata saa ikaweza kukaa imewaka muda wote ikishuka mpaka kujichora mara moja tu kwa sekunde. Betri inapumua. Baadaye ikahamia kwenye simu za bei ya juu za kampuni mbalimbali, ile skrini inayojishusha yenyewe ukiwa unasoma maandishi na kupanda hadi 120 ukianza kuskroli, mara nyingi nyuma yake kuna oksaidi.

Faida ya pili bado iko njiani na kwangu ndo inayosisimua zaidi. Memori ya DRAM, ile RAM ya kompyuta, kila biti ni ndoo ndogo ya chaji na transista moja kama koki. Koki inavuja kwahiyo ndoo zote zinajazwa upya kila milisekunde 64, usiku na mchana, umeme unaenda hapo bure. Na ndoo yenyewe inazidi kuwa ngumu kuipunguza. Sasa kituo cha utafiti cha imec cha Ubelgiji mwaka 2020 walionyesha seli ya memori yenye transista mbili za IGZO na bila ndoo kabisa, chaji inakaa kwenye geti (sehemu ya kuwashia) la transista ya pili na hiyo inatosha kwa sababu koki haivuji, ilishika data kwa zaidi ya sekunde 400. Sekunde mia nne dhidi ya milisekunde 64, zaidi ya mara 6,000. Ukiongeza kwamba oksaidi inapakwa kwenye joto la chini unapata kitu kingine cha ziada: chipu ya silikoni ikishawekewa nyaya zake za shaba huwezi kuipasha kupita nyuzi 400 hivi utaiharibu, kwahiyo transista za silikoni nzuri hazijengeki juu yake, lakini za oksaidi zinajengeka. Unaweka prosesa chini na memori juu yake moja kwa moja, ghorofani, badala ya kuzitenganisha mbalimbali kwenye bodi na data kupoteza muda na umeme barabarani. Kwa ajili hiyo watu wamerudi hata kwenye oksaidi ya indiamu tupu, ile tuliyosema haizimiki. Ukiipaka nyembamba sana inazimika, na kundi moja la Chuo Kikuu cha Purdue Marekani lilionyesha mwaka 2021 transista yake yenye unene wa nanomita 0.7, hapo unahesabu atomu kwa vidole.

Sasa ubaya wake, na wenyewe unatoka kwenye picha ileile.

Nilisema inaonyesha kwa sababu mwanga haushikwi. Hiyo ni kweli kwa wastani, lakini yale mapengo ya oksijeni yanaacha vyumba vidogo ndani ya pengo la nishati, karibu na ghorofa ya chini, na mwanga wa bluu unatosha kuchomoa elektroni humo. Skrini ina taa. Taa ina bluu. Na transista za skrini muda mwingi zimezimwa kwa volti hasi, yaani hali mbaya kuliko zote, elektroni zinachomoka, kinachobaki nyuma hakiwezi kuondoka haraka, na volti ya kuwashia inasogea taratibu upande wa hasi mpaka transista inajiwasha bila kuombwa. Mainjinia wamepambana na hiki kitu miaka mingi, wanafunika transista na metali isipate mwanga, wanarekebisha kipimo cha oksijeni, wanabadilisha tabaka za kinga juu yake.

Na kuna hidrojeni, hiki ni kichekesho kidogo. Kwenye silikoni ya fujo hidrojeni ni dawa, inaenda kushika ile mikono inayoning'inia hewani na kuituliza, bila hidrojeni hiyo silikoni haifai kitu. Kwenye IGZO hidrojeni ikiingia inajibandika kwa oksijeni na kuachia elektroni yake bure, elektroni nyingi zinaingia na transista inageuka waya. Kwahiyo kiwanda kilichozoea tabaka za kinga zenye hidrojeni nyingi kikihamia oksaidi lazima kijifunze upya, na kwenye skrini za LTPO ambapo hizo mbili ziko jirani kwenye kioo kimoja, moja inataka hidrojeni na nyingine inaikimbia, ni kama kufuga paka na panya chumba kimoja.

Kuna tawi jingine la familia limekwenda upande wa umeme mkubwa. Oksaidi ya galiamu, galiamu na oksijeni tu, pengo lake ni kama 4.8. Pengo kubwa maana yake unaweza kuiwekea volti nyingi sana kabla haijapasuka, makadirio ni megavolti 8 kwa sentimita wakati silikoni inaachia kwenye 0.3 hivi, na silikoni-kabaidi ambayo ndo bingwa wa sasa kwenye inveta (vigeuzi vya umeme wa betri) za magari ya umeme iko kwenye 3 hivi. Ukistahimili volti zaidi kifaa kinaweza kuwa chembamba, kikiwa chembamba ukinzani unapungua, ukinzani ukipungua umeme unaopotea kama joto unapungua. Mwaka 2012 Masataka Higashiwaki na wenzake wa taasisi ya NICT Japani walionyesha transista yake ya kwanza iliyoshika zaidi ya volti 250, na toka hapo mada imelipuka.

Uzuri wake mwingine ni wa kiwandani. Silikoni-kabaidi haiyeyuki kirahisi, inakuzwa kutoka mvuke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 na inakua polepole mno, ndo maana ni ghali. Oksaidi ya galiamu inayeyuka kwenye nyuzi 1,800 hivi, unaivuta fuwele kutoka kwenye uji wake kama silikoni inavyovutwa. Sufuria ndo tatizo, inatakiwa ya iridiamu, metali adimu na ya gharama, kwahiyo kuna watu kazi yao sasa ni kutafuta namna ya kuivuta bila sufuria hiyo.

Hasara zake mbili ni kubwa na sitazipamba. Kwanza haipitishi joto vizuri, kiwango chake (wati kwa mita kwa kelvini) ni kati ya 10 na 27 kutegemea upande wa fuwele wakati silikoni iko 150 na silikoni-kabaidi inazidi 300. Kifaa cha umeme mkubwa kisichoweza kutoa joto ni gari lisilo na redieta. Wanaikwangua iwe nyembamba, wanaibandika juu ya silikoni-kabaidi au almasi, wanaigeuza kichwa chini ili joto litokee upande wa transista. Ya pili ni matundu, hapa hata hayatembei, tundu likizaliwa linajichimbia hapohapo kwa kupinda atomu zinazolizunguka na kukaa. Na kama hujaona siasa bado: Agosti 2022 Marekani iliweka masharti ya kusafirisha oksaidi ya galiamu nje, na Agosti 2023 China, ambayo ndo inazalisha karibu galiamu yote ya dunia, nayo ikaweka ya kwake. Galiamu haina mgodi wake maalum, inaokotwa kama mabaki wakati wa kutengeneza alumini, na indiamu vivyohivyo kwenye zinki. Ukitaka zaidi huwezi tu kuchimba zaidi, lazima mtu mwingine atake alumini zaidi.

Turudi kwenye matundu, kwa sababu hapo ndo kila njia inaishia. Chipu nyingi za kisasa zinajengwa kwa jozi, transista ya elektroni na transista ya matundu, moja ikiwaka nyingine inazima na umeme unatumika pale tu zinapobadilishana. Oksaidi ina upande mmoja. Mwaka 2021 kampuni za Arm na PragmatIC walitoa prosesa ya biti 32 juu ya plastiki, imetengenezwa kwa transista za oksaidi, unaweza kuikunja, kazi nzuri sana kwa kweli. Ndani kulikuwa na transista zaidi ya 39,000, zote za elektroni, na palipotakiwa kuwa na mwenza wa matundu waliweka rezista, zaidi ya 17,000. Rezista haizimi. Matokeo yake ilikula miliwati 21, karibu zote zikipotea hata kama prosesa imekaa tu, kwa kasi ya kilohezi 29. Yaani kifaa chenye transista zisizovuja kuliko zote duniani kinavujisha umeme kwa sababu kimekosa mwenza. Inauma kidogo ukiifikiria.

Njia ya kutoka, kwa wanaoijaribu, ni kumlegeza mchoyo. Ukitafuta metali ambayo obiti zake ziko kwenye nishati ileile ya oksijeni, ghorofa ya chini inakuwa ya wenye nyumba wawili na tundu linapata pa kupita. Shaba inafanya hivyo, na hapa historia inachekesha kwa sababu rektifaya (vifaa vya kupitisha umeme upande mmoja tu) za oksaidi ya shaba zilikuwa sokoni tangu miaka ya 1920, kabla ya transista yenyewe kuzaliwa, na zilikuwa za matundu! Mwaka 1997 kundi la Tokyo, Hosono akiwemo tena, lilitoa oksaidi ya shaba na alumini inayoonyesha na inayopitisha matundu. Mwaka 2008 ikaja oksaidi ya bati ya aina nyingine, ile yenye oksijeni moja kwa kila bati, ambapo bati lenyewe linabakiza elektroni mbili zenye wingu la duara na zinajichanganya kwenye ghorofa ya chini. Zote zilifanya kazi, ila wepesi mdogo, kuzima kubaya, au uhai mfupi hewani. Upande wa oksaidi ya galiamu wameacha kusubiri, wanaibandika na oksaidi ya nikeli ambayo ina matundu ya kwake, wanapata dayodi ya metiriali mbili tofauti na inashika volti elfu kadhaa.

Halafu mwaka 2024 kundi la watafiti wa Korea Kusini na China lilichukua oksaidi ya teluriamu, wakatia seleniamu, wakaiacha bila fuwele kama Hosono alivyofanya na IGZO miaka 20 kabla, na wakapata wepesi wa matundu wa 15 hivi. Kumi na tano, kwa matundu, kwenye fujo. Teluriamu humo haijaungua yote, kuna teluriamu iliyobaki tupu na ndo inayosaidia matundu kupita, kwahiyo mtu mkali anaweza kubisha kama kweli hiyo ni oksaidi inayobeba au ni teluriamu iliyojificha ndani ya oksaidi. Ubishi halali. Ila imepakwa kwa mashine zilezile za viwanda, kwenye joto la chini, na wepesi wake umekaa bega kwa bega na wa IGZO, na sasa maabara mbalimbali zinazikalisha hizo mbili kwenye kioo kimoja kuona kama zitaelewana.